Herufi Moja ya Kanda ya Zamani

Baba yangu ni mtu mpole, lakini usimwambie kwamba bendi yake haikuuza.

Nasema bendi yake kana kwamba aliwahi kupiga hata manyanga. Hakupiga kitu. Ni bendi ya wazee walioanza na magitaa ya umeme wakati yeye ni kijana Bujumbura. Sasa, kwa picha nilizoziona, nusu yao hupanda jukwaani kwa kushikwa mkono. Baba na wenzake wanauita muziki huo roki. Mama anasema ni rumba iliyokunywa kahawa nyingi.

Mimi nilimaliza chuo mwaka jana. Nilisoma takwimu. Tangu hapo kazi yangu ni kuandika barua za kuomba kazi, kuzituma, kisha kuzisoma upya nikijiuliza kama "wako mtiifu" inaonyesha utiifu uliozidi. Baba aliponiona nimekaa na barua moja tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, alianza kunichukua Jumapili baada ya misa kwenda kwa fundi redio, nyuma ya maduka ya Sonatubes. Alisema nikapunge upepo. Upepo wenyewe ulikuwa wa moshi wa pikipiki na waya zilizochomelewa, lakini nilikwenda.

Duka la fundi ni chumba kimoja. Mnakaa juu ya spika zinazosubiri kutengenezwa, na ikija zamu ya spika yako, unahama. Fundi ni Mnyarwanda aliyekulia ukimbizini Bujumbura kama Baba. Wa tatu wao ni dereva wa tajiri mmoja wa mtaa wa Nyarutarama; dereva huyo alikulia Uganda, na hupenda kuanza sentensi kwa "kwenye gari ya bosi". Hao watatu ndio mashabiki wote wa bendi hiyo ninaowajua, na hawakubaliani juu ya jambo lolote.

Jumapili ninayoikumbuka, dereva aliingia ameshika flashi kama padri aliyeshika hostia.

"Leo mutanyamaza," alisema. "Wazee wamerudia nyimbo zote. Studio mpya, kila kitu mpya. Nimesikia kwenye gari ya bosi, mpaka nikapita njia ya nyumbani bila kuiona."

"Gari iko nzuri," fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Nyimbo je?"

"Nyimbo iko ileile."

"Sasa kama iko ileile, wamerudia ya nini?"

Sababu waliijua wote, ila walipenda kuulizana. Wazee hao walikuwa wamegombana zamani na mwenye studio, naye akabaki na kanda mama. Njia pekee ya kumiliki nyimbo zao tena ilikuwa kuziimba upya. Dereva aliona ni ushujaa. Fundi aliona ni sawa na mtu aliyeachwa na mke akaoa mwingine na kumwita kwa jina la yule wa kwanza.

"Lakini imeuza," dereva alisema. "Hii mpya imeuza kuliko zote."

"Kuuza kwa simu si kuuza," fundi akasema. "Mtu anagusa kioo, hata hajui kama amenunua. Zamani ulitoka nyumbani kwa miguu kutafuta kanda. Ukirudi nayo, mtaa mzima unajua."

"Ile ya kwanza," Baba aliingilia, "iliuza kuliko mkate. Mimi peke yangu nilinunua tatu. Moja ilimezwa na redio, moja shemeji aliazima mpaka leo, moja ndiyo hiyo iko hapa kwa fundi."

"Kwa hiyo wewe unahesabiwa watu watatu?" fundi akauliza.

"Kwa bendi, ndiyo."

"Basi na wewe, fundi," dereva akasema, "toa zile ulizonakili. Kicukiro yote ina kanda zenye mwandiko wako. Wewe ndiye uliyeua mauzo ya hawa wazee."

"Mimi nilieneza injili," fundi alisema.

"Injili ya wizi."

Wakanigeukia. Nilijua watanigeukia.

"Huyu amesoma," dereva alisema. "Sha, wewe uko na digrii ya hesabu za watu. Ile ya zamani na hii mpya, iliyouza sana iko gani?"

Nilifikiri juu ya kanda halali na za kunakili, juu ya Baba aliye watu watatu, juu ya shemeji aliyeazima. Nikasema, "Inategemea tunahesabu nini."

Walinitazama wakisubiri sehemu iliyobaki. Haikuwepo.

"Miaka minne ya chuo," Baba aliwaambia wenzake, na mpaka leo sijui kama alikuwa anajivuna au ananicheka. Nililifikiria jambo hilo siku mbili.

Fundi ndiye aliyependekeza tusikilize rekodi zote mbili, ya zamani halafu mpya. Alitoa kanda ya Baba ndani ya mkebe wa biskuti, akaipangusa kwa shati lake, akaiingiza katika redio ambayo haina mfuniko. Alichagua wimbo wa kwanza wa upande wa pili. Wimbo huo nilikuwa naujua kwa jina baya. Kwetu nyumbani huitwa "ule wimbo".

Hapa lazima nieleze. Wiki tatu baadaye wazazi wangu walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Baba alikuwa amemaliza kujenga nyumba Gahanga, baada ya kupanga nyumba za watu maisha yake yote, na sherehe ilipangwa ifanyike huko, iwe jubilei ya ndoa na kuingia nyumba kwa pamoja. Mama alikubali kila kitu: hema, padri, hata idadi ya wageni. Alikuwa na sharti moja. Ule wimbo usipigwe. Ukipigwa, alisema, yeye atatokea mlango wa jikoni na ataendelea kutembea mpaka Bugesera. Baba alikubali kwa mdomo. Lakini nilimsikia akimwambia fundi aje na spika kubwa na "ile kanda". Alikuwa anautaka wimbo huo siku hiyo kuliko alivyoitaka keki.

Sababu ya Mama nilikuwa naijua tangu utotoni, maana shangazi zake walinisimulia wakicheka. Siku ya gusaba, sherehe ya Kinyarwanda ambayo upande wa mwanamume huja kuposa na kutoa mahari, Baba aliingia na watu wake wakicheza wimbo huo. Kiitikio chake kinasema: *Mimi sina mahari, mama, mimi sina mahari, nifungulie mlango, nisimame kwenu.* Mama na shangazi zake walikulia Tanzania. Kiswahili chao si cha kubahatisha. Walimwona bwana harusi anaingia uwanjani, suti imenyooka, huku akitangaza kwa spika kwamba hana mahari. Ng'ombe alitolewa siku hiyohiyo, tena ng'ombe mzuri, lakini nani atamkumbuka ng'ombe baada ya wimbo kama huo? Kwa miaka mingi shangazi walimwita Mama "bibi wa bure". Mama alicheka nao. Nilipokua ndipo nilipoanza kuona kwamba hucheka akitazama pembeni.

Basi kanda ilipiga. Sauti ya kijana, nyembamba, yenye mchanga ndani yake: *mimi sina mahari*. Baba alifumba macho. Halafu fundi akachomeka flashi, na mwimbaji yuleyule akarudi akiwa mzee, sauti nzito, kila neno limepigwa pasi.

*Mimi sina mahali, mama, mimi sina mahali.*

Nilishika spika niliyokalia.

Wale watatu walianza kubishana palepale. Fundi alisema ngoma imekuwa kama mtu anayebisha hodi benki. Dereva alisema besi ya kanda haikuwepo, ilikuwa inadhaniwa. Baba alisema mzee anaimba vizuri, ila anaimba kama mtu aliyekwisha kula. Walisikia gitaa, kinanda, mwendo, hata kikohozi kidogo kabla ya ubeti wa pili. Walisikia kila kitu isipokuwa lile neno.

Nilirudi nyumbani na nakala ya nyimbo zote mbili katika simu, na wiki ile sikuandika barua hata moja ya kazi. Nilisikiliza nikiwa nimejifunika blanketi, Mama asije akasikia. Kama mwimbaji alimaanisha mahali, wimbo ni wa mtu asiye na pa kukaa, anayeomba apokewe. Kama alimaanisha mahari, ni wa kijana fukara anayeomba mke. Ubeti wa pili haukunisaidia: *nikipata nitakuita.* Atapata nini? Ubeti wa tatu unaomba mkeka. Mkeka unahitajika kote kuwili. Nilichora jedwali. Upande mmoja niliandika ushahidi wa mahali, upande wa pili ushahidi wa mahari, na mwisho wa siku nne pande zote mbili zilikuwa sawa, ila nilikuwa nimepungua uzito.

Halafu nikajiuliza swali ambalo ningeanza nalo kama ningekuwa mtu wa kawaida. Si mwimbaji alimaanisha nini. Baba alisikia nini?

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa fundi na karatasi mbili. Moja iliandikwa "nimefika mahali", nyingine "nimetoa mahari". Niliwaomba wazisome kwa sauti. Niliwaambia ni utafiti, neno ambalo huwafanya wazee wakae wima.

Fundi alisoma ya kwanza: "Nimefika mahari." Akasoma ya pili: "Nimetoa mahari." Akanirudishia. "Umeandika mara mbili," alisema.

Dereva alivuta miwani. "Nimefika mahali. Nimetoa mahali." Akatikisa kichwa. "Fundi, wewe unaongea kama watu wa Buja. Ni mahali."

"Na wewe unaongea kama watu wa Kampala. Ni mahari."

"Iko kitu gani hiyo unatoa?"

"Sijui. Mtoto ndiye ameandika."

Baba alisoma mwisho, polepole, kama anasoma somo kanisani. "Nimefika mahari. Nimetoa mahari." Kisha akaniuliza kama amefaulu.

Huo ndio utafiti wangu wa kwanza tangu nihitimu. Watu watatu, maneno mawili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kutoa maneno mawili.

Nilikaa na jibu hilo kama mtu aliyeokota pochi ya mtu. Nikimwambia Baba, nitamharibia wimbo anaoupenda kuliko yote. Nisipomwambia, ataupiga siku ya jubilei na Mama atatokea mlango wa jikoni. Nikimwambia Mama kwanza, itaonekana nimechukua upande. Niliandika ujumbe wa simu kwa Baba, nikaufuta, nikauandika kwa lugha ya heshima zaidi, nikaufuta. Mwishowe niliropoka tu, siku ya Jumanne, tukiwa tunatembea kutoka barabara kuu ya Gahanga kwenda kuangalia rangi ya ukuta.

"Baba, lile neno la kwenye wimbo. Mahari. Kwa Kiswahili cha akina Mama maana yake ni inkwano."

Aliendelea hatua mbili au tatu. "Inkwano?"

"Ndiyo."

"Ile tunatoa kwa wakwe? Ng'ombe?"

"Ndiyo, Baba."

Kando ya njia mtu alikuwa amepanga matofali ya kujengea. Baba alikaa juu yake bila kuyapangusa, na Baba ni mtu wa kupangusa.

"Yaani mimi niliingia gusaba," alisema, "mbele ya wazee wa pale, na kundi zima nyuma yangu linaitikia…"

"Ndiyo."

"Kwamba sina inkwano."

"Walivyosikia wao, ndiyo."

Mama mmoja alipita na jembe begani akatusalimu, Baba akamjibu kwa adabu zote. Halafu akasema, "Walicheka sana. Nilidhani wamefurahi. Nikamwambia mwenye mitambo arudie."

Sikujua nitazame wapi. Nilitazama matofali.

Akanieleza pale pale, kwa sauti ya mtu anayetafuta risiti mfukoni. Bujumbura walikaa chumba kimoja cha kupanga, watoto wengi, na kila mwenye nyumba alipokasirika aliwakumbusha kwamba wana kwao. Kwao wapi, hakuna aliyewahi kupaona. Wimbo ule ulipotoka alikuwa kijana, akasikia mtu amesema katika redio jambo ambalo yeye hakujua linaruhusiwa kusemwa. Siku ya gusaba alitaka wakwe wajue kwamba kijana huyu hatoki kwenye boma wala shamba, na kwamba anaomba kwao apokewe.

"Nilikuwa ninaomba mahari," alisema.

"Mahali, Baba."

"Ndiyo hivyo nimesema."

"Na mbona hukuwahi kumweleza Mama?"

"Kumweleza nini? Niliona nikiupiga nyumbani anakunja uso. Nikafikiri unamkumbusha ukimbizi. Nikauhamishia kwa fundi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Robo karne, mmoja akidhani mwenzake anaona aibu, mwingine akidhani mwenzake anaona uchungu, na wote wawili wakinyamaza kwa heshima. Watu huniuliza tabia yangu ya kufikiri sana nimeirithi kwa nani. Sasa ninajua kwamba niliichukua pande zote mbili.

Tulipanga mimi na Baba kwamba ushahidi ni wimbo mpya. Mama ausikie mwenyewe, neno kwa neno, kutoka kwa mwenye wimbo. Nilifurahi. Nilikuwa na kielelezo, nilikuwa na jedwali, na safari hii jedwali lilikuwa na jibu.

Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, tulikuwa sote watatu katika nyumba ya Gahanga. Mama alikuwa amepanda juu ya kigoda anatundika mapazia ya sebuleni, pini mdomoni. Baba aliweka simu dirishani, akakohoa, akabonyeza.

*Mimi sina mahali, mama, mimi sina mahali.*

Mama aliacha kutundika. Alisikiliza mpaka mwisho wa kiitikio, akatoa pini mdomoni, akasema, "Wameubadilisha."

"Hapana," Baba alisema. "Wamerudia tu."

"Wameubadilisha. Ile ilisema mahari, mimi niliisikia, na shangazi zangu waliisikia, na jirani wa ng'ambo aliisikia. Hawa wamezeeka, wameona aibu, wamesahihisha." Akageukia pazia. "Angalau wao wameona aibu."

Ningepaswa kuliona hilo. Fundi alikuwa amelisema kwa mfano wake wa mke, kwamba wimbo uliorudiwa si ule. Wimbo mpya hauwezi kuutolea ushahidi wimbo wa zamani. Nilifungua jedwali nikaanza kueleza habari za Burundi na Uganda na ulimi unavyogusa kaakaa, na Mama akaniambia bila kugeuka, "Mwanangu, nishikie huo upande mwingine wa pazia." Nikashika.

Baba alikuwa amesimama katikati ya sebule tupu na kofia mkononi. Wazazi wangu walichumbiana kwa Kiswahili, na mpaka leo, hata kama siku nzima tunaongea Kinyarwanda, wakiwa na furaha kubwa au ugomvi hukimbilia Kiswahili, kila mmoja na chake.

"Mama wa watoto," alisema, "hebu sema lile neno lenu. La pahari pa kukaa."

Mama aligeuka polepole. "La nini?"

"La pa kukaa. Nyumba. Hapa."

"Mahali."

"Mahari."

"Mahali. Ulimi upande juu."

"Maha…" Baba alijaribu. Niliona ulimi unapanda, unafika, unaghairi. "…ri."

"Sema 'lala'."

"Rara."

"Sema 'kiwanja'," Mama alisema, nikashangaa, maana neno hilo halina shida yoyote.

"Kiwanja," alisema Baba, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana amefaulu.

Lakini Mama hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa ameshika pazia kifuani kama kanga. "Ulipokipata hiki kiwanja ulinipigia simu," alisema. "Nilikuwa sokoni. Ulikuwa unahema kama mtu anayekimbizwa. Uliniambia, 'Mama wa watoto, tumepata mahari.'"

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuambia, 'Wapi?'"

"Nikasema, 'Gahanga.'"

"Sikukuuliza mahari gani." Alikaa juu ya kigoda. "Hata sikufikiri. Nilikuelewa."

Nyundo ya jirani anayepaua nyumba ilisikika mara nne, tano. Halafu Mama akaanza kucheka, si kile kicheko cha pembeni. Alicheka akimtazama Baba usoni, pazia likamponyoka, na mimi nikabaki nimeshika upande wangu kama mtu anayebeba bendera peke yake.

"Na ukamwambia mwenye mitambo arudie," alisema akifuta macho.

"Mara mbili," Baba alikiri. Kumbe mimi alinificha moja.

Jumapili iliyofuata, duka la fundi lilikuwa na ajenda: ni wimbo upi upigwe kwenye jubilei, wa zamani au mpya. Dereva alikuja amevaa tai. Alisema sasa hakuna ubishi, mpya ndio unaosema ukweli. Fundi alisema ukweli haukuanza mwaka huu. Wakabishana mpaka Baba akatoa simu na kumpigia Mama, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya duka lile, akaweka sauti ya nje.

"Pigeni ya zamani," Mama alisema. "Hiyo mpya imenyooka mno. Nitajuaje ni yeye?"

Fundi alijaribu kutocheka akashindwa. Dereva alisema kura haikuwa ya haki kwa sababu aliyepiga si mwanachama. Kisha akauliza kama keki itakuwepo.

Siku ya sherehe fundi alifika Gahanga na spika mbili za mtu mwingine, ambazo alisema anazifanyia majaribio. Alileta pia bahasha ya flashi ndogo zenye wimbo wa zamani, zawadi kwa wageni. "Hizi je?" aliniuliza akinigawia za kugawa. "Unazihesabu?" Nilimwambia inategemea. Alisema alijua nitasema hivyo.

Wazazi wangu waliingia kwa wimbo wa kanda, na mchanga wake wote. Shangazi wa Mama waliobaki walikuwa mstari wa mbele, wamenyanyua shingo. Kiitikio kilipofika, mwimbaji alisema mahari, na Mama, ambaye sijawahi kumsikia akiimba nje ya kanisa, aliimba juu yake kwa sauti, mahali, akirefusha ile herufi mpaka wote waisikie. Shangazi mkubwa alimtazama, akamtazama Baba, akaitazama nyumba. Niliona neno linamfikia kidogo kidogo, kama barua ya kijijini.

Baada ya chakula Baba aliombwa aseme. Hotuba nilimwandikia mimi, kurasa mbili, nikalipigia mstari kila neno lenye hatari. Lile moja niliandika kwa herufi kubwa, L yake nikaizungushia duara jekundu. Tulikuwa tumefanya mazoezi jioni tatu. Alisimama, akazitazama karatasi zangu, akazikunja na kuziweka mfukoni.

"Ndugu zangu," alisema. "Mimi sina maneno mengi. Karibuni mahari petu."

Meza ya Tanzania iliangua kicheko. Baba aliwasubiri wamalize, na yeye anacheka nao, mikono wazi. Mimi nilikuwa nimeshanyanyuka nusu kutoka kwenye kiti, mdomo wazi, ile L ipo tayari kwenye ulimi wangu, nilipohisi mkono wa Mama umenishika.

"Kaa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Usimsahihishe."